Mlenda ni Mboga, Tuacheni Kuuziana kwa Chupa



Ile makala ya mitandio ya bi harusi mfupi tuliyoahidi itakuja inshaAllah, lakini leo hatuongelei mishono. Kuna jambo limetukaa kooni tangu turudi Mbulu, na tukizidi kunyamaza tutakuwa tunazidi kushiriki.

Jambo lenyewe ni ute. Ute wa bamia, ute wa mlenda, na ule ute mwengine ambao mabibi harusi wanatuuliza kwa sauti ya chini tukiwa tumeinama na futi kiunoni mwao.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Kwa muda wa karibu mwaka mzima, pale juu ya meza yetu ya kukatia nguo, kando ya kibati cha pini, kulikuwa na chupa za unga wa kijani. Mtu alituletea tumuuzie. Chupa moja shilingi 25,000, na sisi tunabaki na 5,000. Karatasi ya juu ilisema ni dawa ya asili ya Sunna kwa mwanamke: inaongeza ute, inabana tumbo, inasafisha kizazi, inamfanya mume asitoke nyumbani. Hatukuuliza ndani mna nini. Bi harusi anakuja kupimwa, anaiona, anaulizia, somo wake anamkonyeza, chupa inaingia kwenye mkoba pamoja na risiti ya gauni. Zilikuwa zinatoka kuliko hata mitandio.

Mteja mmoja tulimpima kiuno inchi 31. Wiki tatu baadae alipokuja kujaribisha kilikuwa 27. Tulishangilia, wallahi. Tulimwambia mashaAllah umependeza, tukachukua pini tukaanza kupunguza ubavuni. Pini ya nne au ya tano akaanguka. Alianguka kama kanga inavyoanguka kwenye kamba, bila sauti. Kituo cha afya walimpima damu wakakuta gramu 8, na mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na 12 au zaidi. Ndipo tukasikia habari kamili: kila usiku chai ya sanamaki ili tumbo liingie, chakula mara moja kwa siku, na kila asubuhi kijiko cha unga wetu wa kijani. Mtu anaharishwa makusudi wiki tatu, hali, halafu anakunywa unga asioujua, na sisi tunamwambia mashaAllah.

Hatusemi unga ndio uliomkausha damu. Hatujui, na daktari hakusema hivyo. Tunasema kwamba kila mmoja wetu kwenye ile shughuli alikuwa na kitu cha kumuuzia yule binti, na hakuna aliyemuuliza kama amekula.

Alipewa vidonge vya kuongeza damu, harusi ikasogezwa mbele, na alhamdulillahi ikafungwa. Mume anafanya kazi Yaeda Chini, kule bondeni wilaya ya Mbulu, anaishi na mama yake mzazi, mtu wa Singida. Walima wa upande wa mume ukawa huko, nasi tukazipeleka nguo kwa mikono yetu. Boti, basi, basi tena mpaka Mbulu mjini, halafu gari la kushuka bondeni kwenye tope maana mvua zilikuwa zimeshaanza. Tukifika nguo zimekunjana, miguu imevimba, na kumbe lililotusubiri huko halikuwa la nguo.

Siku ya pili asubuhi mama mkwe alikuwa anamsaidia mkwewe kupanga vitu, akaiona ile chupa. Akafungua, akanusa. Akatia kidogo kwenye kiganja, akadondoshea maji ya vuguvugu, akazungusha kwa kidole na kukivuta juu. Ukatoka uzi mrefu wa kijani.

"Mwanangu, huu si mlenda? Umeubeba toka Unguja uulete huku?"

Binti akasema ni dawa. Mama akauliza bei. Binti akaitaja. Yule mama hakumcheka, alitugeukia sisi. Akasema kwa pesa hiyo angetukaushia gunia zima na nauli ya kulipakia juu. Sisi tulikuwa tumekaa mkekani na vikombe vya chai mkononi, na hatukusema kwamba tuliouza ni sisi. Tumelisema leo.

Jioni akatupikia. Majani mabichi yaliyochumwa nyuma ya nyumba baada ya mvua, majani ya kunde kidogo, nyanya, magadi ya kuchovya ncha za vidole, na upekecho ukazungushwa mpaka mboga ikaanza kuvuta. Mwisho akatia karanga zilizotwangwa. Ugali wa mtama. Tuseme ukweli, tonge la kwanza tuliangaliana. Sisi watu wa pwani tumezowea bamia kwenye mchuzi, na hata hilo bamia tunalikaanga kwanza ili likate ute. Tonge la tatu tukanyamaza tukala. Yule binti, ambaye Unguja tulikuwa tunamwona akiichokora biriani, alisafisha sahani.

Sasa tuongee ute wenyewe ni nini, maana hapa ndipo watu wanapotuibia.

Ule utelezi wa bamia na mlenda ni aina ya nyuzinyuzi zinazoyeyuka kwenye maji. Ukiula, hauvunjwi tumboni kama wanga. Unashika maji, unavimba, unateremka polepole na chakula. Kwa kuwa unateremka polepole, sukari ya ugali au wali inaingia kwenye damu pole pole badala ya kuruka kwa mkupuo. Unashika sehemu ya nyongo na kutoka nayo, na mwili inabidi utumie lehemu yake kutengeneza nyongo nyengine, hivyo lehemu inapungua. Unalainisha choo, jambo ambalo bi harusi anayekaa ndani siku saba akila vitu vya ngano na nyama analihitaji kuliko singo. Ukifika kwenye utumbo mpana unaliwa na bakteria wazuri wanaoishi humo. Na hapo safari yake inakwisha.

Inakwisha hapo, dada zetu. Hakuna njia ya kutoka kwenye utumbo mpana ikaenda kwenye kizazi. Ute wa mlenda hauteremki ukawa ute wa mwanamke, kama vile ukila chaki hugeuki mweupe. Ute wa mwanamke unatoka kwenye kuta za uke damu inapojaa pale kwa utulivu na mapenzi, na kwenye shingo ya kizazi kwa amri ya homoni. Unapungua kwa hofu, kwa haraka ya mume, kwa kunyonyesha, kwa umri kwenda, kwa baadhi ya dawa za mafua na mzio, kwa baadhi ya njia za uzazi wa mpango, na kwa maradhi yanayohitaji daktari. Bi harusi wa miaka 22 usiku wa kwanza akiwa mkavu, tisa katika kumi ni uoga (hiyo hesabu ni yetu ya mdomoni, msiinukuu). Anahitaji mume aliyefundishwa subira. Lakini subira haiwekwi kwenye chupa ikauzwa 25,000, basi anauziwa mlenda, na ukimshinda anaambiwa kasoro iko kwake, anunue chupa ya pili.

Ni uongo ule ule wanaoambiwa wajawazito, kwamba kunywa maji ya bamia miezi ya mwisho kunamfanya mtoto ateleze. Mtoto hakai kwenye njia ya chakula. Mjamzito ale bamia, ni chakula kizuri, lakini siku ya uchungu aende hospitali mapema asikae nyumbani akitegemea utelezi.

Na unga wenyewe mnajua umesagwa nini? Jina la mlenda bara linabeba mimea zaidi ya mmoja. Upo ule ambao ni ndugu wa ufuta, na upo ule wenye majani ya meno meno na vijiuzi viwili kama masharubu chini ya jani. Majani yake ni mboga, tena mboga bora. Lakini mbegu za huu wa pili zina sumu inayogusa moyo. Mama aliyezowea anachuma majani tu, mbegu anaziachia shamba. Mtu anayesaga magunia auze kwenye chupa, nani anamsimamia asitie na vitumba vyake? Sisi tuliouza hatukuwahi kuuliza. Na kwa mwenye sukari anayemeza metformin: kuna majaribio yaliyofanyiwa panya ambapo maji ya bamia yalizuia dawa hiyo isiingie vizuri mwilini. Panya si binadamu, lakini asichezee jambo hilo bila kumwambia daktari wake, na asiache vidonge kwa sababu ya glasi ya bamia lililolazwa usiku.

Tukirudi kwenye neno "Sunna" lililoandikwa juu ya ile chupa. Tumeuliza, na hakuna aliyetuonesha Hadithi ya bamia wala ya mlenda. Tunachokijua ni kwamba Anas bin Malik (r.a.) amesimulia namna Mtume (s.a.w.) alivyokuwa akifuatisha vipande vya boga kwenye sahani kwa kulipenda. Alilipenda kama chakula, akalila mezani pa fundi cherehani aliyemwalika, na sisi mafundi hapo tunafurahi kidogo. Na tunaijua habari ya yule muuza nafaka sokoni, Mtume (s.a.w.) alipotia mkono ndani ya lundo akakuta chini kumelowa na juu kukavu. Basi chupa zetu zilikuwa lile lundo. Juu zimeandikwa Sunna, ndani mlenda wa bei ya kikombe.

Kinachotuuma zaidi ni kwamba mboga hii hii tunaidharau ikiwa kwenye chungu. Msichana akiolewa bara akapikiwa mlenda, simu inapigwa Unguja: "Wananilisha makapi ya shamba." Huyo huyo akienda Muscat kwa shangazi yake, akaletewa mulukhiya na kuku na wali, anapiga picha. Mulukhiya ni nini? Ni ule ule mlenda wa majani ya meno meno. Wamisri wameula karne na karne. Khalifa wa Kifatimi al-Hakim, aliyetawala Misri kuanzia mwaka 996 mpaka 1021, aliupiga marufuku kabisa, na watu wake wakaendelea kuula mpaka leo. Kenya wanauita mrenda, Wajaluo wanauita apoth, na Profesa Mary Abukutsa-Onyango aliyeutumikia utafiti wa mboga za asili miaka mingi alitunukiwa Nishani ya Edinburgh mwaka 2014. Arusha kuna Kituo cha Mboga Duniani kinachohifadhi mbegu za mboga hizi tangu miaka ya tisini. Wengine wanatunza mbegu, sisi tunatunza aibu.

Pale pale Yaeda Chini kuna somo jengine. Bonde lile ni nyumbani kwa Wahadzabe. Wanawake wao wanatoka na fimbo zilizochongwa kuchimba mizizi ya porini, migumu, wanaitafuna na kutema makapi. Wanakula ubuyu, matunda ya vichakani, asali, na nyama ikipatikana. Mwaka 2014 wanasayansi walichapisha utafiti waliolinganisha choo cha Wahadzabe 27 na cha Wataliano 16 wa Bologna. Ndiyo, choo. Wakakuta matumbo ya Wahadzabe yana bakteria wa aina nyingi zaidi. Mwaka 2017 wanasayansi wengine wakachapisha mwengine, wakaonesha bakteria hao wanabadilika kwa msimu, vile chakula cha porini kinavyobadilika. Hatusemi Mhadzabe anaishi peponi: wana shida za ardhi, za maji na za matibabu, na kuwageuza tangazo la afya ni ubaya mwengine. Wala hao utafiti wao haukuwa wa mlenda. Lakini jambo walilolikuta ndilo yule mama wa Singida alilipika kwenye chungu: utumbo unaishi kwa nyuzinyuzi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Chapati na soda hazikufikishi. Gramu 100 za bamia bichi zina kama gramu 3, kwa hiyo bamia peke yake halikufikishi vile vile, lakini bamia, kunde, matembele na dona kwa siku moja vinakaribia.

Na damu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta wanawake 45 katika kila 100 wa miaka 15 mpaka 49 nchini wana upungufu wa damu. Wapimeni mabibi harusi walio kwenye foleni ya duka letu mtawakuta humo. Majani ya mlenda yana madini ya chuma, kalsiamu, na ile rangi ambayo mwili unaigeuza vitamini A. Yana foleti pia, kama bamia lilivyo nayo, na hiyo ndiyo inayolinda uti wa mgongo wa mtoto katika wiki za mwanzo kabisa, kabla bi harusi hajajua kama ni mjamzito. Ndiyo maana anayetarajia kushika mimba anashauriwa kumeza mikrogramu 400 za foliki asidi kila siku tangu kabla. Mboga haitoshi kuchukua nafasi ya kidonge hicho, tusidanganyane upande wa pili. Na aliye na gramu 8 za damu atibiwe, asiambiwe akale mlenda. Chuma cha majani kinaingia mwilini kwa tabu.

Kwa hiyo kamulia ndimu au tia nyanya, vinasaidia kukiingiza. Chai weka mbali na chakula kwa saa moja au mbili, maana inakizuia. Magadi usizidishe: yanalainisha na kuongeza mvuto, lakini yanaua vitamini C na ni chumvi chumvi isiyomfaa mwenye presha. Pika dakika chache tu. Ukikausha majani, yakaushe kivulini, jua kali linaharibu ile rangi ya vitamini A. Ukiushindwa utelezi kabisa, anza na bamia la nazi lisilokaangwa, halafu uende kwenye majani. Kwa samaki wa kuchoma mlenda wa nazi ni kitu chengine, tumeshajaribu mara tatu tangu turudi na mume wa mmoja wetu sasa anauliza utapikwa lini.

Masomo wetu, na nyinyi tunawaomba, kwa heshima yenu. Mnawapokea hawa watoto siku saba, mnawafunda, mnawasinga, wanawasikiliza kuliko mama zao. Muulizeni mwali amekula nini kabla ya kumuuliza amekunywa nini. Akisema anaogopa ukavu, mwiteni mtu wa upande wa mume aongee na bwana harusi. Akisema kunauma au kunawasha, apelekwe hospitali. Na sanamaki kila usiku ili gauni liingie, hapana. Gauni tutalifungua sisi. Mshono unaachwa inchi moja kila ubavu kwa sababu hiyo, na kufungua hatutoi bili.

Zile chupa tumeziondoa mezani, zilikuwa zimebaki kumi na moja. Aliyetuletea amekasirika na ametusema kwa watu, ni haki yake. Kwa waliozinunua kwetu: njooni na chupa, hata ikiwa imeshatumika, mtarudishiwa 25,000 yote. Kama huna chupa njoo tu, daftari la gauni lako tunalo na tunakumbuka nani alichukua. Ijumaa baada ya sala duka liko wazi mpaka magharibi, na tawi la mlenda mbichi mtalikuta kwenye ndoo pale mlangoni, fungu mia tano.